Mchungaji Dkt. Howard S. Olson (1922–2010): Mtumishi Aliyesikiliza Kabla ya Kuimba



Washarika wapendwa wa Mgori, na ninyi wageni wetu mliotoka Dayosisi na sharika jirani, katika kurasa nyingine za kitabu hiki mmesoma habari za wainjilisti waliohubiri chini ya miti, za wazee waliotoa maeneo yao, na za akina mama waliobeba maji na mchanga kichwani ili kuta za nyumba ya Bwana zisimame. Mimi nimepewa kazi ya kuandika juu ya mtu ambaye hakumbukwi kwa jengo. Anakumbukwa kwa nyimbo. Wengi wetu tumeziimba tangu Shule ya Jumapili bila kujua ni nani aliyezikusanya, na huenda yeye mwenyewe asingesikitika kwa jambo hilo. Hata hivyo, usharika unaotimiza miaka 100 una wajibu wa kuwajua waliolisha imani yake, hata wale waliokaa nyuma ya pazia.

Mtu huyo ni Mchungaji Dkt. Howard S. Olson, mmisionari, mtaalamu wa lugha, mwalimu wa wachungaji na mkusanyaji wa kitabu cha Tumshangilie Mungu. Nitaeleza maisha yake kwa kadiri yanavyotuhusu, kisha nitataja mafunzo ambayo vijana wetu, hasa waimbaji na wale wanaoanza safari ya kazi, wanaweza kuyachukua.

Mtoto wa kanisa lililobadili lugha

Howard Olson alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, nchini Marekani. Kanisa lililomtuma Afrika liliitwa Augustana. Lilikuwa limeanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Sweden waliovuka bahari kutafuta ardhi na maisha. Walibeba Biblia zao, Katekisimo ya Martin Luther na vitabu vya nyimbo vya Kiswidi. Kwa miaka mingi waliabudu kwa lugha ya baba zao katika nchi ya ugeni. Baadaye watoto wao walikua wakisema Kiingereza, na kanisa likalazimika kuamua ni nini cha kuachwa na ni nini cha kuchukuliwa katika lugha mpya.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linatusaidia kuelewa yaliyofuata. Watu wa Augustana walijua, si kwa vitabu tu bali kwa historia ya nyumba zao wenyewe, kwamba Injili ni moja lakini koo linaloimba Injili lina lugha yake. Walijua pia uchungu wa mzee anayeketi kanisani na kusikia wimbo wa mama yake ukibadilishwa.

Shamba la Iramba na Unyaturu

Wasomaji vijana huenda wasijue jinsi kanisa hilo la wahamiaji lilivyofika kwetu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walikuwa wamekwisha kuanza kazi katika nchi ya Iramba. Vita ikawaondoa. Mwaka 1926 kanisa la Augustana lilipokea shamba hili la Iramba na Unyaturu, na tangu hapo majina ya Ruruma, Kinampanda, Kiomboi na Iambi yakawa majina ya shule, vyuo na hospitali ambazo zimewatibu na kuwafundisha baba na mama zetu.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na kanisa dogo la Augustana likajikuta likibeba mzigo wa kusaidia kazi za Kilutheri karibu katika Tanganyika yote. Baada ya vita walihitajika watu wapya. Howard Olson alikuwa mmoja wa vijana waliofika katika miaka hiyo ya 1940, akiwa na umri ambao leo tunamwita mtu kijana wa kwaya. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, hadi miaka ya 1980, ilitumika katika nchi hii.

Kujifunza Kirimi

Mmisionari wa wakati ule alitakiwa kujua Kiswahili, na wengi waliishia hapo. Kiswahili kilitosha kwa mahubiri, shule na barua za serikali. Lakini katika vijiji vya Unyaturu, mama alipombembeleza mtoto, wanawake walipotwanga uwele, na wazee walipozungumza juu ya mvua, hawakutumia Kiswahili. Walitumia Kirimi, lugha ambayo jirani zetu huiita Kinyaturu.

Olson aliamua kujifunza lugha hiyo, wala hakuridhika na kuijua kwa salamu. Aliichunguza sauti kwa sauti na neno kwa neno, hata akaifanya kuwa somo la shahada yake ya udaktari katika Seminari ya Hartford nchini Marekani. Tasnifu yake juu ya sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi ilitoka mwaka 1964. Tufikiri kidogo maana ya jambo hilo. Lugha ambayo watoto wetu wengine leo wanaona haya kuisema mbele ya wageni, ilipelekwa katika chuo cha ng'ambo na kupewa heshima ileile inayopewa Kiebrania na Kiyunani.

Katika kuichunguza Kirimi hukutana na mambo mawili. Kwanza, ina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano tu. Pili, ni lugha ya toni: sauti hupanda na kushuka ndani ya neno, na kupanda na kushuka huko ni sehemu ya maana. Mtu akiinua sauti mahali pa kuishusha, anaweza kusema jambo lingine kabisa, au asieleweke. Kwa hiyo katika lugha kama hii neno lina tuni yake ndogo hata kabla halijaimbwa. Hapa ndipo mtaalamu wa lugha na mpenda muziki walipokutana ndani ya mtu mmoja.

Tatizo lililokuwa kanisani

Nyimbo tulizopokea kutoka kwa wamisionari wa kwanza zilikuwa tafsiri. Maneno yaligeuzwa kutoka Kijerumani, Kiswidi na Kiingereza, na tuni zikabaki zilezile za Ulaya. Hatupaswi kuzidharau nyimbo hizo. Zilibeba mafundisho safi ya neema, zimewazika wazazi wetu na kuwabariki watoto wetu, nasi tutaendelea kuziimba. Lakini zilikuwa na kasoro moja ambayo wengi tuliizoea hata hatukuiona.

Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema barabara tukikaza silabi hiyo, na tunapata njia ya magari. Tukihamisha mkazo nyuma silabi moja, tunapata maana ya sawasawa au vizuri. Tuni nyingi za Ulaya huanza kwa noti nyepesi na kumalizia mstari kwa noti nzito. Mstari wa Kiswahili, kinyume chake, humalizia kwa silabi nyepesi. Basi mwimbaji hulazimika kulitwisha neno mzigo mahali pasipostahili, na jina la Mungu au la Yesu huimbwa likiwa limekazwa mwisho, kama lisivyotamkwa na mtu yeyote anapozungumza. Ikiwa Kiswahili, ambacho si lugha ya toni, kinaumia hivyo, lugha kama Kirimi huumia zaidi. Tuni inapopanda mahali ambapo neno linashuka, maana hupotea, na msikilizaji hubaki na sauti tupu.

Kulikuwa na tatizo la pili. Wimbo wa beti nyingi huhitaji kitabu, na kitabu huhitaji mtu ajuaye kusoma. Wimbo wa wazee wetu hauhitaji hayo. Kiongozi hutoa mstari, watu huitikia. Kiongozi hubadilisha maneno, waitikiaji hushika kiitikio. Bibi asiyejua herufi moja anaimba sawa na mwalimu. Hivyo swali la muziki lilikuwa pia swali la nani ana sauti ndani ya nyumba ya Mungu.

Tatizo la tatu lilikuwa gumu kuliko yote: hofu. Ngoma zilikatazwa katika sharika nyingi. Haki itendeke hapa, maana ni rahisi siku hizi kuwalaumu wamisionari kwa kila kitu. Ngoma nyingi ziliambatana na jando, na matambiko, na pombe, na mara nyingine Wakristo wa kwanza wenyewe ndio waliotaka ziachwe mlangoni, kwa sababu walijua zilikowatoa. Lakini pamoja na ngoma za matambiko ziliachwa nje pia nyimbo za kupalilia, za kutwanga, za kumpokea mgeni, za kumlilia maiti. Magugu yaling'olewa pamoja na uwele.

Kazi ya Makumira

Wakati Olson akimaliza masomo yake, kanisa letu lilikuwa katika mwanzo mpya. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, na Kanisa la Tanganyika ya Kati, mama wa Dayosisi yetu, lilikuwa mojawapo ya hayo saba. Chuo cha Theolojia cha Makumira, kilichoanza mwaka 1954 chini ya Mlima Meru karibu na Usa River, kilikuwa mahali ambapo vijana kutoka makanisa hayo yote walikutana. Huko Olson alikuwa mwalimu. Aliandika hata kitabu cha kujifunza Kiyunani kwa Kiswahili, ili mchungaji wa Tanzania aweze kuifikia lugha ya Agano Jipya bila kupitia daraja la Kiingereza.

Chuo kilikuwa na Wahaya, Wachaga, Wahehe, Wapare, Wairaqw, Wanyiramba, Warimi na wengine wengi, na kila mmoja alikuwa amekuja na tuni za nyumbani kifuani mwake. Mbele ya vijana kama hao mwalimu wa kigeni angeweza kuketi na kuwatungia nyimbo za Kiafrika kwa mawazo yake mwenyewe. Njia iliyofuatwa Makumira ilikuwa nyingine. Tuni za makabila zilikusanywa, wanafunzi wakaandika maneno ya Kikristo yanayokaa sawa na tuni hizo, na nyimbo zikaandikwa kwa nota ili zisipotee na ziweze kuimbwa hata na wasio wa kabila lile.

Matunda yake mawili yanajulikana duniani kote. Mwaka 1966 mwanafunzi Bernard Kyamanywa kutoka Buhaya aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa tuni ya asili ya Kihaya. Mwaka huohuo Wilson Niwagila aliandika Njoo Kwetu, Roho Mwema, wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu. Nyimbo hizo na nyingine nyingi ziliingizwa katika mkusanyo wa Tumshangilie Mungu, uliotolewa miishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapishwa tena na tena.

Mwaka 1971 Olson alitoa makala juu ya muziki wa Kiafrika katika ibada ya Kikristo, katika kitabu kilichohaririwa na David Barrett kuhusu mwamko wa dini katika Afrika. Hivyo kazi ya kukusanya ilikwenda pamoja na kazi ya kufikiri. Haikuwa burudani ya mgeni anayependa ngoma, bali hoja ya mtu aliyeisoma lugha na kuona kwamba wimbo unaopigana na neno hauwezi kulihubiri neno.

Nyimbo zinavuka bahari

Kwa miaka mingi nyimbo zilikuwa zimetoka kaskazini kuja kusini. Sasa njia ikageuka. Mwaka 1969 Ulrich Leupold alitoa wimbo wa Kyamanywa kwa Kijerumani, na baadaye ukaingia katika kitabu rasmi cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Watu wa Leipzig, ambao babu zao walituletea nyimbo za kwanza, sasa husherehekea Pasaka kwa tuni iliyozaliwa kando ya Ziwa Viktoria.

Mwaka 1977 Olson alitoa huko Minneapolis kitabu cha nyimbo za Afrika kwa Kiingereza, Lead Us, Lord. Mwaka huohuo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kanisa la Afrika lilikuwa linaanza kusikika, kwa uongozi na kwa wimbo. Mwaka 1993, wakati Olson amekwisha kurudi kwao, kilitoka kitabu kingine, Set Free. Tafsiri zake za Kyamanywa na Niwagila zimo pia katika kitabu cha ibada kilichotolewa na Walutheri wa Marekani mwaka 2006.

Howard Olson alifariki dunia mwaka 2010 nchini kwao. Kaburi lake liko mbali nasi, na wengi wetu hatutaliona. Lakini kila Pasaka, kaburi tupu la Bwana wetu linaimbwa katika nchi nyingi kwa nyimbo alizosaidia kuzipeleka.

Ungamo la mwandishi

Mtu anayeandika habari za mwalimu mwema hana budi kusema jinsi yeye mwenyewe alivyojifunza, au alivyoshindwa kujifunza. Nilifika Makumira wakati Dkt. Olson alikuwa ameshaondoka. Nilikuta kitabu chake, nikakiimba, nikafaulu mitihani, nikabarikiwa kuwa mchungaji. Katika sanduku langu la bati nilikuwa na Tumshangilie Mungu chenye jalada lililochanika.

Katika usharika mmoja niliotumwa nikiwa kijana, siku ya Pasaka, bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alisimama baada ya somo akaanza kuimba kwa Kirimi. Tuni ilikuwa ya kupura uwele. Niliitambua, maana mama yangu aliijua. Maneno yalikuwa ya ufufuo, na alikuwa ameyaweka mwenyewe. Wanawake wawili watatu waliitikia. Wimbo huo haukuwa katika ratiba ya ibada, na mgeni wa heshima alikuwa ameketi mbele. Niliingiwa na hofu kwamba tutaonekana washamba. Nikamwashiria kiongozi wa kwaya, naye akaanza wimbo wa kitabuni juu ya sauti ya yule bibi. Aliketi. Hakulalamika, na baada ya ibada alinisalimu kama kawaida, akiniita mwanangu.

Miaka kadhaa baadaye, nilipopata akili, nilikwenda kumtafuta ili anifundishe wimbo ule. Nilikuta amekwisha kutangulia mbele za haki. Niliwauliza binti zake, nikawauliza wale waliokuwa wakiitikia. Walikumbuka kwamba alikuwa akiimba. Hawakukumbuka tuni yake. Mama yangu naye alikuwa ameshalala. Wimbo ule haupo tena duniani, na aliyeufunga mlango ni mimi, mtoto wa nchi hii, niliyekuwa na kitabu cha Olson sandukuni. Mgeni alivuka bahari akasikiliza. Mimi niliyezaliwa humu sikusikiliza. Nimeubeba mzigo huu kwa miaka mingi, na nimeona afadhali niutue hapa, mbele ya usharika, ili uwafae wengine.

Mafunzo kwetu

Kwanza, tujifunze kabla ya kufundisha. Miaka iliyopita kati ya kufika kwake Tanganyika na kutoka kwa Tumshangilie Mungu ilikuwa kama ishirini. Katika miaka hiyo alijifunza Kiswahili, akajifunza Kirimi, akarudi darasani, akafundisha. Kijana wa leo akijua kupiga kinanda miezi sita hutaka kurekodi albamu. Kipaji ni karama ya Mungu, lakini karama bila subira ni kama uwele uliovunwa mbichi: unajaza ghala na haulishi mtu.

Pili, tuheshimu kazi ya watu wengine. Wimbo wa Kyamanywa unajulikana hadi leo kwa jina la Kyamanywa, na wa Niwagila kwa jina la Niwagila. Olson anatajwa kama mfasiri. Mwalimu mwenye madaraka anaweza kwa urahisi kuyameza majina ya wanafunzi wake. Wakuu wa kwaya, walimu na sisi wachungaji tujipime hapa. Ni mara ngapi tumetumia mawazo ya vijana tukayatangaza kuwa yetu?

Tatu, kazi isiyoonekana ni kazi. Kuandika nota, kusahihisha mkazo wa silabi, kulinganisha irabu saba na tano, hayo hayapigiwi vigelegele. Lakini wimbo unaoimbwa kwa furaha na watu elfu umesimama juu ya kazi hiyo, kama nyumba inavyosimama juu ya mawe yaliyofukiwa ardhini. Katibu wa usharika anayetunza daftari vizuri, mtunza hazina anayeandika kila shilingi, na fundi anayepima mara mbili kabla ya kukata, wote wamo katika utumishi huu.

Nne, tusiogope kilicho chetu, wala tusikipokee chote bila kukipima. Si kila ngoma inafaa kuingia madhabahuni, na wazee wetu walioacha mambo fulani hawakuwa wajinga. Kinachotakiwa ni kupambanua. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kujaribu maana yake ni kusikiliza hadi mwisho, na hilo ndilo nililoshindwa kulifanya siku ile ya Pasaka.

Tano, tukumbuke kwamba hata kazi njema ina mpaka wake. Nota hazishiki kila kitu. Mpigo wa ngoma, mtikisiko wa njuga, na ule uhuru wa kiongozi kubadilisha maneno papo hapo haviingii vyote katika karatasi. Tena wimbo ukishachapwa, watu hudhani ndivyo unavyopaswa kuimbwa milele. Mkusanyaji alifanya sehemu yake. Hakuweza kutuimbia, wala hakuweza kukumbuka kwa niaba yetu. Sehemu iliyobaki ni yetu.

Jukumu la karne ya pili

Hii inanileta kwenye neno la mwisho. Tunaposherehekea miaka 100, kwaya zetu zina vinanda vya umeme na vipaza sauti, na vijana wetu wanaimba kwa ustadi unaotupendeza. Lakini mitindo mingi tunayoimba tumeisikia redioni na kwenye simu, kutoka Dar es Salaam, Kongo na Afrika Kusini. Tumetoka kuiga Ulaya, tukaingia katika kuiga jirani. Huku nyuma, katika nyumba zilizo kando ya Msitu wa Mgori, wako baba na mama wenye miaka 80 na zaidi ambao bado wanajua nyimbo za kupura, za kupalilia, za kubembeleza mtoto na za kuomba mvua. Kila tunapomzika mmoja wao, tunazika kitabu kizima ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, Baraza la Wazee la usharika huu liweke katika mipango yake jambo lisilohitaji fedha nyingi. Kila kwaya ichague vijana wawili wenye subira. Waende nyumbani kwa wazee, si mara moja, bali mara nyingi. Wawasalimu kwa Kirimi. Waketi. Wawaombe waimbe, na wawasikilize bila kuwakatiza. Simu ambazo vijana wanazo mikononi zinaweza kurekodi sauti, jambo ambalo vizazi vilivyotangulia vilikosa. Waandike jina la mzee, mahali, na wimbo ulitumika wakati gani. Kisha walimu wa kwaya na wachungaji wakae pamoja, wapime, na waweke maneno ya Injili palipo na tuni inayofaa. Mzaburi wa 96 anatuamuru kumwimbia Bwana wimbo mpya, naye aliutunga katika lugha na tuni za watu wake.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mchungaji Dkt. Howard Olson, aliyetumwa kuhubiri akaanza kwa kusikia. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Kyamanywa, Niwagila na watunzi wote ambao majina yao yamo katika vitabu vyetu. Namshukuru pia kwa ajili ya bibi yule wa Pasaka, ambaye wimbo wake haukuandikwa popote hapa duniani. Naamini Bwana aliyefufuka aliusikia hadi mwisho, kabla sijaukatiza, na kwamba siku moja, kwa neema yake, nitausikia tena, na safari hiyo nitaitikia.

Mungu aubariki Usharika wa Mgori katika karne yake ya pili. Amina.